Mbona ngome haijayeyuka?

Msichana mmoja wa shule, mtandio mweupe na daftari mkononi, alisimama pale Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, upande unaotazama bahari, akaweka kiganja ukutani, akamuuliza yule anayetembeza wageni:

"Samahani ami, si umesema haya mawe ni matumbawe, yametoka baharini? Sasa mbona bahari haijayayeyusha?"

Wenzake wakacheka. Ami naye akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, haya mawe ni magumu haya." Mwalimu wao akapiga makofi, haya twendeni, twendeni, basi linangoja.

Kwao yakaishia hapo. Mimi nilikuwa nimempeleka mgeni wangu wa bara kutembea, nimeegemea mzinga kivulini, na hilo swali likaniganda wiki na wiki, jikoni, ndani ya matatu, hata nikikoroga sukari kwa chai.

Manake "ni magumu" si jibu. Chumvi ya mawe pia ni ngumu, ipige na nyundo uone vile inaruka, lakini itie kwa ndoo ya maji uilalishe halafu kesho uitafute.

Na ukilipima, swali la yule mtoto ni zito. Ngome ilianza kujengwa 1593, ikamalizika 1596, mawe ya matumbawe na chokaa, na hiyo chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Zaidi ya miaka 400 ya mvua za masika na rasharasha za bahari. Alafu huku nyumbani chumvi yangu ya mezani haimalizi siku mbili tatu kabla haijalowa ndani ya kikopo, hakuna aliyeidondoshea hata tone, imejinywea maji yenyewe kutoka hewani, mpaka tunaitilia punje za mchele. Hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu chumvi inaanza kujiyeyusha, na Mombasa hapa hiyo 75 tunaipita karibu kila usiku.

Jiwe lapigwa na bahari linakaa. Chumvi yapigwa na hewa inakwisha.

## Kanuni tuliyokariri

Shuleni tulipewa kanuni moja na tukaikariri: kitu kinayeyuka kwenye kinachofanana nacho. Maji yana chaji, basi yanayeyusha vyenye chaji. Mafuta hayana, basi mafuta na maji hawapikiki chungu kimoja. Andika, pata alama mbili, nenda zako.

Nusu ya maneno hayo ni ya kweli. Molekuli ya maji ni oksijeni moja na haidrojeni mbili, na haijanyooka, imepinda, zile haidrojeni mbili zimeachana kwa nyuzi 104.5. Oksijeni inavuta elektroni upande wake, kwa hivyo upande mmoja wa molekuli una hasi kidogo na upande wa pili una chanya kidogo. Chumvi nayo ni rundo la sodiamu zenye chanya na kloraidi zenye hasi, zimepangwa kwa zamu, moja hii moja ile. Ukiitia majini, maji yanaizunguka kila sodiamu kwa upande wa oksijeni na kila kloraidi kwa upande wa haidrojeni, yanazitoa moja moja. Zinazotoka zinaitwa ioni.

(Kwa kupita tu: Svante Arrhenius wa Sweden ndo aliyeandika mwaka 1884, kwenye tasnifu yake ya udaktari, kwamba chumvi ikiingia majini inaachana vipande vyenye chaji. Walimu wake wa Uppsala hawakuvutiwa, wakampa alama ya kumpitisha tu kwa shida. 1903 akachukua Nobeli ya kemia kwa fikra ile ile. Nawaachia walimu wote wanaosoma hapa.)

Sasa tatizo ni hili. Jiwe la ngome nalo ni ioni.

## Jiwe ni ndugu ya chumvi

Tumbawe ni kalsiamu kabonati. Kalsiamu yenye chanya, kabonati yenye hasi, zimepangwa vizuri tu vile vile. Kwa ile kanuni yetu, jiwe la Mombasa lilitakiwa liyeyuke kama chumvi. "Kinachofanana" kipo. Chaji zipo.

Lakini angalia namba. Lita moja ya maji inabeba karibu gramu 360 za chumvi kabla haijakataa. Sukari ndo usiseme, kilo mbili nzima kwa lita, na maji bado yanamiminika. Kalsiamu kabonati? Kama maji ni safi, hayana hewa ya kaboni ndani, lita moja inabeba kitu kama miligramu 14.

Miligramu. Yaani chumvi imelizidi jiwe zaidi ya mara 20,000, na zote mbili ni familia moja.

Jibu la haraka ni kwamba sodiamu na kloraidi zina chaji moja moja, na kalsiamu na kabonati zina chaji mbili mbili. Mbili mara mbili ni nne, kwa hivyo jiwe linajishika kwa nguvu zaidi, maji yanashindwa kulichambua. Nilipofika hapo nikaridhika kabisa. Nikalala.

Halafu nikakumbuka haluli.

## Haluli ikaharibu hesabu

Waliolelewa na nyanya wa Pwani wanajua chumvi ya haluli, ile ya kusafisha tumbo, ukishainywa hutoki nyumbani siku hiyo. Ile ni magnesiamu salfeti. Magnesiamu ina chaji mbili. Salfeti ina chaji mbili. Mbili mara mbili ni nne tena, na ile kitu inayeyuka kwa maji kama haina akili, unatia vijiko na vijiko kwa glasi inapotea yote.

Alafu weka bariamu mahali pa magnesiamu. Bariamu salfeti, chaji zile zile mbili mbili, haiyeyuki karibu hata kidogo, miligramu mbili na kitu kwa lita. Bariamu iliyoyeyuka ni sumu, lakini hospitalini mgonjwa ananyweshwa kikombe kizima cha uji mweupe wa bariamu salfeti ndo apigwe eksirei ya tumbo, na hadhuriki, kwa sababu inapita vile ilivyoingia. Maisha ya mtu yamewekwa juu ya kitu kutoyeyuka.

Basi chaji peke yake haitoshi. Kinachokosekana kwenye ile hesabu ya nne ni kwamba chaji ikiongezeka inaongeza vitu viwili kwa pamoja: jiwe linajishika zaidi, ndio, lakini na maji pia yanazivuta zile ioni zaidi. Ni mvutano wa pande mbili, na pande zote mbili ni kubwa ajabu. Kwa chumvi ya mezani, kuzitenganisha ioni za moli moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe, kwa chumvi ni gramu 58 hivi) kunagharimu nishati ya karibu kilojuli 787, na maji yakizikumbatia yanarudisha karibu 783. Tofauti ni kilojuli nne tu.

Ila soma tena hizo namba. Maji yamerudisha *kidogo kuliko* ilivyogharimu.

## Joto linaenda upande usiotarajiwa

Hapa ndo nilikaa sana.

Chumvi inayeyuka kwa hasara. Ikiingia majini inachukua joto kutoka kwa maji yenyewe, maji yanapoa kidogo, huwezi kuhisi kwa kidole labda lakini kipimajoto kinaona. Ukitaka kuhisi kwa mkono, mtu wa shamba akuonyeshe mbolea ya yurea ikikorogwa kwa ndoo, shika ndoo kwa nje, baridi kabisa. Hakuna barafu, hakuna friji, ni kitu kinayeyuka tu huku kinadaiwa nishati.

Na jiwe? Kile kidogo cha kalsiamu kabonati kinachoyeyuka kinatoa joto. Karibu kilojuli 13 kwa moli. Yaani kwa upande wa nishati, kuyeyuka ni faida kwa jiwe, na ni hasara kwa chumvi.

Anayepata faida anakataa, anayepata hasara anakubali. Sasa ile habari ya "kupendana" na "kufanana" inasimama wapi?

Kuna kitu kingine kinachohesabiwa, na walimu wengi wanakiruka kwa sababu kina jina la kutisha, entropi. Mimi nakielewa hivi: ni njia ngapi vitu vinaweza kujipanga bila mtu kuona tofauti. Mambo yakiachwa yenyewe yanaelekea kwenye njia nyingi, si kwa kupenda, ni kwa sababu njia nyingi ni nyingi. Ioni za chumvi zikiwa ndani ya chenga zimepangwa kwa mpango mmoja, zikiwa majini zinaweza kuwa popote. Ile faida ya uhuru inalipa deni la kilojuli nne na inabaki na chenji.

Kwa jiwe basi ingekuwa hivyo hivyo, si ndiyo? Kalsiamu nayo ikitoka inapata uhuru wake.

Inapata. Anayenyang'anywa uhuru ni maji.

Kalsiamu yenye chaji mbili inazishika molekuli za maji zilizo karibu nayo, inazigeuza zote ziangalie upande mmoja, na zilizo nyuma yao pia zinapangwa kidogo. Kabonati nayo inafanya vile vile upande wake. Maji ambayo yalikuwa yanajigeuza vile yanavyotaka, yanabadilisha jirani kila sehemu ya trilioni ya sekunde, sasa yamesimamishwa foleni. Ukijumlisha uhuru uliopatikana na ioni na uhuru uliopotea kwa maji, kwa jiwe jumla inatoka hasara, tena hasara kubwa kuliko ile faida ya joto. Sodiamu na kloraidi ni wapole, chaji moja moja, hazisumbui maji sana, jumla yao inatoka faida.

Na haluli? Nilipoona hii nilicheka peke yangu kwa matatu. Chenga ya haluli ina maji ndani yake tayari, molekuli saba za maji kwa kila magnesiamu salfeti moja, nusu ya uzito wake ni maji! Unashika unga mkavu kwa mkono na nusu yake ni maji. Sita kati ya hayo yameishika magnesiamu kutoka zamani. Gharama ya kuyapanga maji ililipwa siku ile chenga ilipojengwa, kwa hivyo ikiingia kwa glasi yako hakuna wa kupokonywa uhuru mwingi.

Nimelipenda hili jibu kuliko yote, kusema kweli, manake linahamisha macho. Tulikuwa tunaangalia kitu kinachoyeyuka. Tulitakiwa tuangalie maji.

## Basi ngome je

Kwa ngome kuna la ziada. Bahari yetu haiwezi kuliyeyusha tumbawe kwa sababu imeshajaa. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 400 kwa lita, na kabonati yake, na katika bahari za joto kama hii yetu ile mali iliyomo majini imepita kiwango cha kujaa, kiasi cha mara tatu hivi kwa aina ile ya kalsiamu kabonati ambayo matumbawe hujengea. Haianguki yenyewe ikawa mawe, magnesiamu iliyomo baharini inazuia zuia, lakini mdudu wa tumbawe akiisaidia kidogo tu inashika. Ndo vile anavyojenga. Mawimbi yanaweza kuumega mwamba chini ya ngome, na yameumega, mpaka ukajengwa ukuta wa kuyavunja nguvu, lakini kumega ni kuvunja vipande, si kuyeyusha.

Anayeyeyusha ni mvua. Mvua inateremka na hewa ya kaboni dayoksaidi ndani yake, ni asidi dhaifu sana, inaigeuza kabonati kuwa baikabonati ambayo ina chaji moja badala ya mbili, na hiyo inakubali kuondoka na maji. Maji yaliyoshiba hewa ya kawaida yanabeba jiwe mara tatu nne zaidi ya maji safi, na yakipita kwenye udongo ambako mizizi inapumua yanabeba zaidi sana. Mapango ya Shimoni yamechimbwa na maji ya namna hiyo. Sasa hewa yenyewe inazidi kuwa na kaboni, bahari nayo inainywa, pH ya maji ya juu ya bahari (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) imeshuka kutoka 8.2 hivi mpaka 8.1 tangu viwanda vianze, na kila ikishuka ile ziada ya mdudu wa tumbawe inapungua. Hilo linahitaji makala yake, silitii hapa.

Na maji hayo yaliyobeba jiwe yanakwenda wapi? Yanashuka chini, yanakuwa maji ya kisima. Yanakuja kwako kwa mtungi juu ya mkokoteni. Ukiyachemsha, ile hewa inatoka, baikabonati inarudi kuwa kabonati, na jiwe linajenga ukoko mweupe ndani ya birika lako. Mtu wa Mombasa ana kipande cha ngome jikoni kwake.

## Mafuta hayachukii maji

Nikishayaona maji kwa macho haya, mafuta yakawa rahisi. Au tuseme, yakawa magumu kwa njia nzuri.

Tunasema mafuta yanachukia maji. Hapana. Molekuli ya mafuta na molekuli ya maji zinavutana, kidogo, lakini zinavutana. Chukua heksani, ambayo imo ndani ya petroli, pima joto linaloingia au kutoka ikiyeyuka majini kwa joto la kawaida la chumba: karibu sifuri. Hakuna ugomvi wowote wa nishati. Na bado haiyeyuki.

Ni maji tena na uhuru wao. Fikiria ule umati wa Likoni jioni ukingoja feri. Kila mtu yuko katikati ya watu, anamsemesha huyu, anageukia yule, mkono huku, bega kule. Sasa simika nguzo katikati yao. Nguzo haijamkosea mtu. Lakini waliokaribiana nayo upande ule hawana wa kumsemesha, wanabaki wanageukia upande uliobaki tu, hawawezi kujigeuza ovyo kama mwanzo. Simika nguzo kumi huku na huku, umebana watu wengi. Zikusanye zote ziwe rundo moja, waliobanwa ni wale wa ukingoni tu, wengine wote wamerudi kwenye gumzo lao. Hakuna aliyezisukuma nguzo kwa chuki. Umati ukiachwa ujisogeze wenyewe, mwisho nguzo zinajikuta pamoja.

Ndo sababu tone la mafuta linatafuta tone lingine juu ya mchuzi. Walter Kauzmann, mwanakemia wa Marekani, mwaka 1959 alionyesha kwamba jambo hili hili ndilo linalokunja protini mwilini, zile sehemu zake zenye mafuta zinajificha ndani ili maji yawe huru nje. Yaani umbo la vitu vinavyokuweka hai, sehemu kubwa, limetokana na maji kukataa kubanwa.

Najua kuna watakaosema mbona unaliremba jambo dogo, mafuta hayachanganyiki na maji, basi. Sawa. Lakini nenda jikoni.

## Tui

Tui la kwanza ni mafuta na maji yamechanganyika, na hayajachanganyika. Ukiikuna nazi kwa mbuzi, ukaikamua kwa kifumbu, lile zito jeupe linalotoka ni vitone vidogo vidogo vya mafuta vimeelea majini, na kila kitone kimevikwa protini ya nazi, upande wake mmoja unaangalia mafuta, mwingine unaangalia maji. Hakuna kilichoyeyuka. Weupe wenyewe ndo ushahidi, ni mwanga unagonga vitone na kurudi. Sukari ikiyeyuka huoni kitu.

Sasa muache mtu asiyejua kupika samaki wa kupaka aweke tui kwa moto mkali aende zake kwa simu. Moto unaiharibu ile protini, vitone vinabaki uchi, vinagusana, vinaungana, na tui limekatika. Ndo maana unakoroga, usiache, mpaka lichemke taratibu. Na anayetaka mafuta ya nazi anafanya kusudi kile kile unachokiogopa wewe, anaacha likatike mpaka mafuta yapande juu yote.

## Maji yanayokula sabuni

Sabuni ni yenyewe ina pande mbili. Kichwa kina sodiamu na chaji, kinakaa na maji vizuri. Mkia ni mafuta matupu. Zikiwa nyingi majini zinajikusanya mikia ndani, vichwa nje, na uchafu wa mafuta unaingia kule kwenye mikia. Nguo imetakata.

Tia maji ya kisima. Zile kalsiamu zilizotoka kwenye mwamba, zenye chaji mbili, kila moja inakamata vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo. Hicho kitu kipya hakiyeyuki kabisa. Hakuna povu, kuna mabonge meupe yanayoganda kwa pindo za shati na mstari wa kijivu unaozunguka beseni. Mama wa nyumba yetu husema haya maji yanakula sabuni, na wallahi sijaona maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo: mpaka kalsiamu yote ishibe ndo sabuni inabaki ya kufulia.

Jikoni ndiko walikoanzia wengine kuyachungulia haya. Agnes Pockels alikuwa msichana wa Braunschweig, Ujerumani, wakati ule wanawake hawaruhusiwi chuo kikuu huko, akawa anaangalia vile mafuta na sabuni vinavyotanda juu ya maji ya vyombo. Akajitengenezea chombo cha bati cha kupimia huo utando. Mwaka 1891 barua yake ilichapishwa kwa jarida la *Nature*, na vyombo vya maabara vilivyofuata vimejengwa juu ya wazo lake.

Lakini sehemu inayonifurahisha kuliko zote iko Bandari ya Kale.

## Deheni

Jahazi likipandishwa pwani maji yakitoka, mafundi wakishakalafati nafasi za mbao kwa pamba, chini ya chombo hupakwa deheni. Deheni ni shahamu na chokaa. Shahamu inayeyushwa motoni, inakorogwa na chokaa mpaka iwe nzito nyeupe, inapakwa ingali na joto, sehemu yote inayokaa majini.

Angalia kilichotokea pale. Mafuta ya mnyama, na kalsiamu kutoka kwenye chokaa. Vikikutana sehemu ya shahamu inageuka ile ile kalsiamu yenye mikia miwili ya mafuta. Ni yale mabonge ya kwenye beseni! Kitu kile kile kinachomuudhi mama anayefua Kisauni ndicho kinachofunika mbao za jahazi, na kwa sababu ile ile, hakiyeyuki. Bahari inapita juu yake miezi, na tayari ina kalsiamu tele, haina haja ya kuinyang'anya deheni.

Mabaharia nao walikuwa na sabuni yao. Sabuni ya kawaida baharini haifanyi kitu, kalsiamu na magnesiamu zinaila na chumvi yenyewe inaifukuza sabuni iliyobaki. Sabuni ya mafuta ya nazi inajikaza, mikia yake mingi ni mifupi, kaboni 12 badala ya 16 au 18, kwa hivyo inabana maji kidogo na inabaki majini hata kwenye chumvi. Ndo iliyouzwa kama sabuni ya baharini.

## Kwa wanaofulia maji ya kisima

Kuna walioniuliza nikiwaelezea haya, sasa sisi tufanye nini, bomba halitoki.

Sabuni ya unga ya dukani inavumilia zaidi kuliko ya mche, kichwa chake si kile cha sabuni ya kawaida, hakikamatwi na kalsiamu kirahisi. Kama una mche tu, tafuta magadi, yale ya kuivishia maharagwe, yanatoka Ziwa Magadi na ni sodiamu kabonati na baikabonati pamoja. Yakoroge kwa maji ya kufulia kabla ya sabuni. Maji yatafanya ukungu mweupe: kalsiamu imekutana na kabonati, imerudi kuwa jiwe, inazama. Yaache yatulie, mimina ya juu kwa beseni lingine, ndo utie sabuni.

Magadi hayaondoi chumvi iliyomo majini, kwa hivyo kama kisima chenu kiko karibu sana na bahari msitarajie makubwa. Na usizidishe, magadi yanachubua mikono, na nguo za hariri na sufi usizitie kabisa.